Safu ya Sikio

Kishikwambi kilikataa kidole cha Bi Somoe.
Kikakataa cha pili, cha tatu, cha kati, gumba,
mkono wa kulia wote, kisha wa kushoto,
kikaandika kwa herufi nyekundu: HATAMBULIKI.
Akajifuta kwenye khanga, akajaribu tena
kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake.

Miaka thelathini na moja ya ganda la korosho:
mafuta yake yanayobabua
yamezisoma alama za vidole vile
na kuzifuta, mstari baada ya mstari.
Tulikuja Newala kupima ustadi wa watu,
na ustadi wenyewe ndio uliomfungia mlango.

Wenzake mkekani hawakucheka.
Bi Fatu Chikoti alisema tu,
"Hata laini ya simu walimnyima hivyohivyo."

Usiku niliufungua msimbo.
Hauna kufuli. Waliouandika waliuacha wazi,
yeyote asome, akosoe, aongeze
(huku kwetu hata ndoo ya maji tunailaza ndani,
nikaushangaa ukarimu huo).
Nikashuka mistari mia nne, nikaukuta:
bila kidole, hakuna jina; bila jina, hakuna alama.
Shuleni walinifundisha mizani ya shairi,
nane kwa nane, silabi ikizidi unaikata.
Nikaukata.

Alfajiri nikatembea na ukungu hadi Shimo la Mungu,
pale ukingoni ambapo mtandao unashika,
nikautuma kwa watu nisiowajua.
Saa sita mchana mmoja wao akajibu: Umepokelewa.
Neno moja tu. Nikajinunulia maandazi mawili.

Tukarudi na saa. Kilo, korosho nzima, vipande.
Bi Somoe alibangua huku akimsimulia Fatu visa vya mkwewe,
mikono haiangalii.
Kishikwambi kikampa sitini na mbili katika mia.
Shaibu Namkoveka, aliyeanza kazi juzi,
alikuwa na sabini na nane.
Niliona aibu kumsomea. Nikamsomea.

Akauliza alipotezea wapi.
Nikamwonyesha: hapa ulisita, na hapa, na hapa,
sekunde mbili mbili, mara kumi na tisa.
Akavuta bakuli lililokuwa nyuma ya goti lake.
Korosho kumi na tisa, hazijapasuliwa.
"Gonga hii," akasema. Nikagonga.
"Sasa ile ya kwenye rundo." Nikagonga.
Sikusikia tofauti. Nilisikia korosho.
Akapasua moja ya bakulini: nyeusi ndani, unga wa fukusi.
Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu. Akaendelea.
Ya kumi na tisa ilitoka nzima, nyeupe kama jino.
"Hiyo nilikosea," akasema,
na hapo ndipo alipocheka.

Nimeongeza safu mpya kwenye msimbo.
Nimeiita sikio.
Kipimo chake sikijui; si kilo, si sekunde,
na nane kwa nane yangu haikifikii.
Nimeiacha tupu, na maelezo mafupi chini yake:
mwenye kujua ajaze;
asiyejua aje Newala, akae mkekani,
na avae nguo kuukuu,
mafuta haya hayatoki.