Bikoni Namba Saba

Bikoni namba saba wameisimika ndani ya mpunga wangu,
jaruba la pili kutoka mtoni,
pale nilipovuna mwaka jana pishi kumi na nne.
Asaa, kijana wa vipimo, alivua viatu kwanza.
Nilimshukuru kwa hilo tu.

Mita thelathini kila upande, akasema, akikunjua tepu,
kutoka maji yanapochomoza msituni Ngezi
mpaka kwenye daraja la magogo.
Hapalimwi. Hapafuliwi. Hapatiwi utupa.
Mto wetu, ambao wageni huudhani mtaro
na mbuzi huuvuka bila ya kurowa magoti,
umepata ukurasa katika Gazeti la Serikali.

Kikao kilikuwa skuli, darasa la tatu,
tumekaa madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu.
Bwana wa Idara akauliza: Samaki huyo mwamwitaje?
Kimya.
Tungemwitaje? Haliki.
Urefu wake kidole cha mwisho,
hajazi kijiko, hana bei, hana methali.
Sheria, akasema, haimlindi asiye na jina.

Ndipo Mize binti Faki,
mwenye kesi na mimi ya mpaka tangu mwaka wa mafuriko,
akanyanyuka kwa tabu kwenye dawati lake:
Kipete.
Udogoni tukimwita kipete,
kwa lile duara la fedha mkiani.
Tukimtia katika kifuu cha maji,
ndiye mahari ya harusi zetu za mchangani.
Na mimi mdomo ukanitoka: Kweli. Kipete.
Miaka kumi na tisa hatujakubaliana neno.

Karani akaandika. Akauliza kama ni P moja.

Sikupiga makofi. Pishi zangu nani atanipa?
Fidia ina fomu, fomu ina muhuri,
muhuri uko Wete kabatini,
na mwenye ufunguo yuko likizo.
Shaame, mume wangu, akasema tuing'oe usiku
tukaipande kwa Mize.
Nilicheka hata nikamwaga chai.
Sikusema hapana papo hapo.

Lakini alfajiri nilikwenda,
nikaivunja sheria kabla wino haujakauka:
nilitia miguu majini, nikangoja.
Maji rangi ya chai kavu, majani ya mwitu yameoza chini.
Hapana kitu.
Hapana kitu.
Kisha kwenye kisigino, pale penye mpasuko,
kitu kikanidonoa. Tena.
Kama sindano mkononi mwa mwenye haya.

Nilihesabu pete tano,
au tatu, na mbili zilizorudi.

Sasa bikoni naianikia kanga.
Asaa akija kukagua ataniambia niiondoe, nitaiondoa.
Nimezipima mita zao kwa hatua zangu mwenyewe:
arubaini na moja kwenda,
arubaini na sita kurudi,
kwa kuwa kurudi nilikuwa nikigeuka.