Kitambaa Kinachopumua

Paka ndiye aliyeanza. Si panya, si nondo,
ni makucha tu na uvivu wa Jumapili,
na kitambaa cha spika ya kushoto kikaning'inia
kama ulimi wa mbwa.

Baba aliinunua jozi ile mwaka wa sabini na nane,
kwa bonasi ya kiwanda na miezi kumi na moja ya foleni:
kitambaa cha kahawia, na kila upana wa kidole
uzi mmoja wa dhahabu.
Uzi ule haufumwi tena. Kiwanda sasa ni hoteli;
palipounguruma mitambo
watu wanakunywa kahawa ya bei mbaya.

"Tuziache wazi," nikamwambia. Akakataa.
Kuitazama koni ikitetemeka uchi, alisema,
ni kumchungulia mtu anayelia chooni.

Basi nikashika njia.
Mji mzima wa Łódź ulijengwa kwa nyuzi,
nami nasaka nusu mita!
Bi Leokadia alinitolea mahameli.
Nikaiweka mdomoni, nikapuliza:
pumzi ikanirudia usoni, ya moto,
pamoja na harufu ya samaki wa asubuhi.
Duka la pili, pazia. Linapitisha, ndiyo,
lakini linasema kila linachokiona.
Duka la tatu, kijana mwenye hereni
akanipa soksi ndefu za kike, akaapa zinafaa.
Zinafaa, kweli.
Baba angezijua.

Kanuni ni hiyo tu: kipulize.
Kikikunyima pumzi, spika kitainyima sauti.
Wauzaji walinitazama kama mgonjwa,
mwanamke wa miaka hamsini
anayebusu majora.

Nilikipata kwa muuza jibini.
Kitani cha kuchujia mtindi, cheupe pe,
vipande viwili, na cha tatu cha bure
kwa kuwa kilishatumika.
Nikavichemsha na maganda ya vitunguu,
yale ambayo mama alipakia rangi mayai ya Pasaka.
Vikatoka rangi ya kutu. Si kahawia. Kutu.
Jikoni palinuka siku tatu.
Nikavuta juu ya fremu, nikabana kona kwanza;
kosa hilo, kona ni za mwisho.
Nikabandua. Nikaanza upya, katikati.

Ksawery Pietrzak, mfumaji, miaka thelathini na mmoja:
mitambo ilimla sikio la kulia lote,
la kushoto ikambakizia makombo.
Sikio la kufa halisikii dawa,
wala mimi nikimwita chakula tayari.
Akatoa lenzi yake ya kazini,
akahesabu mtande, akahesabu mshindio,
midomo ikicheza.
"Kimefumwa na mlevi," akasema.
"Siku ya Jumatatu."

Kisha akaweka santuri,
akalaza kiganja juu ya kitambaa
kama anayepima homa ya mtoto.
Besi ikaja. Niliiona ikimpanda mkononi,
ikapita saa, ikapita kifundo,
ikafika mahali ambapo mabega yake
huwa yamekaza tangu mama afariki.
Hayakukaza.
Tulikaa hivyo upande mzima wa santuri,
yeye akisikiliza kwa ngozi,
mimi nikisikiliza harufu ya vitunguu.

"Huku," akasema, akikwaruza kwa ukucha,
"umevuta mno. Legeza."

Nikainuka kutafuta bisibisi.
Paka alikuwa mlangoni,
ananitazama.