Salamu ya Pili

Madamu Chassaing, mtunza jengo letu,
hupokea salamu mara moja kwa siku.
Nililijua hilo wiki ya kwanza, kwenye korido inayonukia sabuni ya limau.
Asubuhi nilimwambia bonjour, akaitika.
Saa sita nikarudi na nusu mkate kwapani,
ncha yake nimeshaitafuna njiani,
nikamwambia tena bonjour,
naye akasimamisha ufagio, akanitazama
kama mtu anayelipwa deni lile lile mara mbili.
"Tumeshaonana leo," alisema.
Hakukasirika. Alikuwa anasahihisha hesabu.

Mimi niliyelelewa kwa hujambo, na za tangu asubuhi,
na wa nyumbani hawajambo, na kuku je, wametaga?
nilipanda ghorofa nne
na salamu zote zilizobaki mdomoni,
zimeganda kama uji wa jana.

Chumba ni mita tisa za mraba.
Mkono mmoja wafungua dirisha, wa pili wazima taa, sijainuka kitandani.
Nje kuna kanisa kuu jeusi, la mawe ya volkano,
na nyuma yake mlima, siku ukiamua kuonekana.
Jiko ni la watu kumi na wawili.
Anatole wa Aurillac hafungi kabati lake:
jibini yangu, asema, inajilinda kwa harufu.
Hanh anapika wali wake, mimi wangu,
tunachunguliana sufuria
bila kusema nani amekosea maji.
Ni yeye aliyenifundisha dakika kamili
ambapo kuku wa dukani hubandikwa karatasi ya nusu bei.

Ugomvi wangu mkubwa ulikuwa na saa.
Karani wa vibali alisema kwenye simu: saa kumi.
Sikio lilisikia Kifaransa, mkono ukaandika Kiswahili.
Nikafika alasiri, shati limepigwa pasi,
picha nne ndani ya bahasha, sicheki hata moja.
Mlango umefungwa.
Mlinzi akanionyesha kwa kidole kwenye karatasi:
kumi yao ni nne yangu, jua lingali changa.
Miadi nyingine, wiki sita.
Wiki sita nilitembea mjini
kama neno lililoandikwa kwa penseli.

Maabara, tunakata basalti
na kuisugua mpaka iwe nyembamba, ipitishe mwanga.
Chini ya hadubini, jiwe jeusi lina bustani.
Profesa aliniambia: una subira, lakini husemi.
Nilitaka kumjibu kwamba nasema sana,
ila sentensi zangu hufika
wenzangu wakishavaa makoti.

Dada yangu Mwanakheri akauliza kama baridi inauma.
Nikamwambia inauma masikio.
Ya salamu sikumwambia.

Februari, Madamu Chassaing hakuonekana siku tisa.
Alirudi mkono umefungwa plasta,
na Jumanne jioni nikamkuta akiyasukuma kwa kiuno
mapipa yenye vifuniko vya njano.
Niliyachukua. Hakuna aliyesema kitu.
Jumanne iliyofuata nikayachukua tena,
na ile iliyofuata.

Kisha jioni moja, tulikuwa tumeshaonana asubuhi,
nikainama, nipite kimya, kama nilivyofundishwa.
"Rebonjour," alisema.
Silabi moja tu mbele ya neno, re,
kama kijiko cha pili cha sukari, asiyekiomba akakitiwa.

Nikajibu. Na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi kidogo
nikatia mguu: mkono unaendeleaje?
Mkono unawasha ndani ya plasta.
Daktari ni kijana mno, haangalii mtu usoni.
Dada yake wa Thiers alitaka kuja kumsaidia
lakini ana kuku saba, hana wa kumwachia,
na kuku wenyewe, hebu fikiria,
hawajataga tangu Novemba.

Nilisimama na pipa mkononi
nikizisikiliza habari za kuku
mpaka taa ya korido, ile inayojizima yenyewe,
ikajizima.
Hakuna aliyenyoosha mkono kuiwasha.