Hewa Kwenye Mpira

Ilizimikia mdomoni mwa feri, upande wa Likoni,
magurudumu ya mbele nchi kavu, ya nyuma bado juu ya bati,
na vipande arubaini vya barafu kutoka Shimanzi
vikianza kutokwa jasho chini ya turubai.
Honi nyuma yangu. Mtu wa feri akapuliza filimbi,
kana kwamba injini ya dizeli husikia filimbi.

Nikafungua boneti. Nikabonyeza pampu ya mkono
kwa dole gumba, kama babangu alivyokuwa akifanya
kila alfajiri kabla ya kusema na mtu:
thelathini, arubaini, mpaka ikaze, ikatae kushuka.
Ikawaka. Ikakohoa. Ikanifikisha.

Mara ya pili ilikuwa Mtongwe. Ya tatu daraja la Nyali,
mguu umekanyaga mafuta mpaka sakafuni,
nayo ikitweta kama mpanda ngazi mwenye gunia.

Basi nikanunua.
Filta mpya yenye kikombe cha kunasa maji,
pampu ya umeme, rilei yake, fyuzi, waya mita sita.
Nozeli nne zikaenda Changamwe kupimwa, zikarudi
na karatasi isemayo hazina kosa
na bili isemayo kosa ni langu.
Pesa yote ya barafu ya Ramadhani.
Jumatatu ikawaka kwa mguso mmoja, nikajisifu.
Alhamisi ikazimika Kongowea, mbele ya wauza vitunguu,
nao hawana haya ya kucheka.

Msellem, fundi pampu wa Majengo, hakuitazama pampu yangu.
"Mwenye pumu umemnunulia viatu," akasema.
Akakata mpira wa mafuta, akaunga katikati
kipande cheupe kinachopitisha mwanga.
"Washa. Kisha njoo utazame."

Nikatazama.
Dizeli ilipita, rangi ya strungi nyepesi,
na ndani yake punje, punje nyingine,
halafu utepe mzima wa povu.

Nami niliwahi kuketi hivi, wodi ya wanaume, Makadara,
macho kwenye mpira wa dripu ulioingia mkononi mwa babangu.
Niliona punje ya hewa ikishuka, nikapiga ukelele.
Muuguzi aliugonga mpira kwa ukucha.
"Ndogo hiyo haiui. Nenda kalale."
Kweli, si hewa iliyomuua.
Lakini sikulala.

"Mwezi mzima natafuta doa chini ya gari," nikamwambia Msellem.
Sauti yake ikatoka uvunguni:
"Penye kusukumwa, tundu hutema mafuta.
Penye kuvutwa, tundu hunywa hewa.
Na mnywa hewa haachi doa."

Tsuma, kijana wake, akashusha tangi.
Juu yake, mahali jicho halifiki,
mpira wa kale ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele,
na juu ya ufa kipande cha kikoi, kile cha mistari ya zambarau,
kimezungushiwa tyubu ya baiskeli,
kimepigwa mafundo mawili, kisha la tatu,
fundo lake, la kufungia kila kitu:
magunia, banda la kuku, mfuko wa dawa.

Alijua.
Sijui ni miaka mingapi alijua,
akibonyeza gizani mara arubaini,
akatuacha tuamini ni tabia ya gari,
au yake.

Nusu mita ya mpira mpya: shilingi mia tatu na hamsini.
Siku hizi inawaka, inapanda Nyali bila kutweta,
barafu inafika ikiwa barafu.

Fundo sikulifungua. Nilikata mpira huku na huku yake,
nikaliweka juu ya dashibodi, linanuka gari zima.
Wiki jana askari wa barabarani pale Makupa
aliingiza kichwa dirishani, akakunja pua,
akauliza ni nini kile.

"Risiti," nikamwambia.