Pipa la Nyuma

Trekta letu ni dogo, rangi ya chungwa lililochujuka.
Tulilinunua mnadani Changamwe, mimi na kaka yangu Tsuma,
tukalifunga kijiko mbele, tukajiona matajiri
wa mchanga na kokoto hapa Mtongwe.

Siku ya kwanza kijiko kikashiba mchanga mbichi.
Nikavuta wenzo. Kijiko kikapanda,
na mimi nikapanda, kwa nyuma.
Tairi mbili kubwa zikaiacha ardhi shibiri nzima,
zikazunguka hewani pole pole
kama miguu ya mtoto aliyekalia kiti cha mkubwa.
Nikakanyaga breki. Breki nazo zilikuwa huko huko juu.
Kijiko kikatua puu! kando ya lori la mteja,
na Mwinyihaji wa duka la simiti akacheka
hadi kofia ikamdondoka.

"Tieni tairi maji ya bahari," akasema, "ya bure yale, hayana risiti."
Fundi Kadzo akaacha kuchomelea, akainua miwani yake myeusi:
"Chumvi itakula rimu. Ukitaka kufuga kutu, kafuge kwenu."

Akachora mchangani kwa ncha ya spana:
ekseli ya mbele hapa; mzigo huku; na huku, patupu.
"Ni pembea hii, dadangu.
Upande wako hakuna aliyekaa."

Basi tukatafuta wa kukaa.
Pipa la mafuta, limekatwa shingo,
chuma cha mtaimbo kimelipenya tumbo
ili mikono ya trekta ipate pa kushika.
Simiti, mchanga, kokoto,
na kila chuma kilichokosa kazi nyumbani:
minyororo, gia iliyong'oka meno, pasi ya makaa isiyo na kifuniko,
na mawe ya mizani ya marehemu baba,
kilo mbili, kilo moja, nusu, robo,
aliyopimia watu mchele miaka thelathini
na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika.

Kwenye lile la robo Tsuma alisita.
Akalifuta kwa ncha ya shati.
Sikumwambia kitu.
Akaliachia. Likazama bila sauti.

Siku saba tulilimwagilia zege maji, asubuhi na jioni, kama mche.
Ya nane tukalining'iniza.
Trekta likashusha pumzi, likachuchumaa.

Sasa kijiko kinajaa na nyuma hakutikisiki.
Usukani uliokuwa mgumu kama deni
nauzungusha kwa mkono mmoja.
Mzigo bado naubeba chini, usawa wa magoti,
na kwenye mteremko wa kwa Nyamvula sina haraka;
pipa halikunipa ruhusa ya ujinga.

Wateja huliuliza: hili nalo, mbona limekaa tu?
Limekaa, nawajibu, na nageukia kazi.

Tsuma kaliandika ubavuni kwa rangi nyeupe,
herufi zimepinda, rangi imechuruzika:
KILO MIA NNE NA ROBO.