Kulala Nako ni Kazi

Wangeci aliliacha kwenye daka la nyumba yangu, Mkomani,
siku alipohamishiwa Garissa:
chungu cha plastiki, kikaratasi kilichobandikwa kwa plasta ya hospitali,
na juu yake neno moja, *kala*.
"Ni yungiyungi la kwetu," alisema.
"Nyeri humea mtaroni, hakuna anayelilea.
Wewe una mikono ya sindano, Bwana Famau. Litakuzoea."

Mikono ya sindano. Kweli.
Miaka arobaini natoboa kofia,
tundu, uzi, tundu, uzi,
sijui kukiacha kitu kikae.

Nikalinywesha.
Asubuhi kata mbili kutoka kisimani,
adhuhuri kata moja, kwa kuwa jua lilikuwa kali,
baada ya isha nyingine, kwa kuwa nilikuwa peke yangu.

Jani la kwanza likaungua ncha,
rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.
La pili likalegea ukingoni mwa chungu
kama mkono wa mtu aliyepewa habari mbaya.
Nikaongeza maji.
Nikaongeza samadi ya punda, mbichi, ya hapo hapo mlangoni.
Nikalitoa juani, likakunjamana.
Nikalirudisha kivulini, likanuka.

Mwanamize wa nyumba ya pili alikuja kurudisha mbuzi ya kukunia nazi.
Akachovya kidole udongoni, akakionja,
ndiyo, akakionja,
akatema.
"Munyu! Walinywesha munyu, Famau.
Kisima chako ni cha kutilia udhu,
si cha kumnywesha mgeni wa milimani."

Tukakipindua chungu juu ya gazeti.
Nusu ya kiazi ilikuwa uji mweusi.
Nusu ya pili ngumu, nyeupe ndani kama nazi.
Nikatoa wembe ninaokatia nyuzi,
na mkono huu, usiotetemeka kwenye kofia ya bwana harusi,
ukatetemeka.
"Kata mpaka ukutane na nyeupe.
Kilichokwisha oza hakina haja na huruma yako."

Jivu la jikoni kwenye kidonda.
Siku mbili ndani ya kidaka, jeraha likauke.
Chungu tukakitoboa chini, hiyo kazi naijua,
tukachanganya udongo, makumbi yaliyosagika,
na mchanga uliooshwa mara tatu.
Maji ya Shela yakaja kwa punda, dumu moja,
nikalipa bila kubishana.
"Kikombe kimoja cha kahawa," aliamuru Mwanamize.
"Kisha usiliguse."
Mpaka lini?
"Mpaka likuite."

Hapo ndipo kazi ilipoanza.
Siku ishirini, chungu cha udongo mtupu.
Waliokuja kuchukua kofia walicheka: "Wafuga mchanga?"
Usiku naamka, natwaa kata,
nasimama uani kwa miguu mitupu,
nairudisha kata.

Na kila nikiirudisha namwona Somoe, kitanda cha nne,
na mimi na bakuli langu la uji wa mchele,
kijiko juu ya kijiko, onja, mke wangu, hata kidogo,
na Wangeci ananishika kifundo cha mkono:
"Mwache, Bwana Famau. Lowesha midomo tu.
Kulala nako ni kazi. Anaifanya."
Nilimchukia siku ile.
Nilimchukia mwaka mzima, nikimsalimu kila asubuhi ngazini.

Siku ya thelathini na nne udongo ulipasuka.
Kitu kijani, kimesokotwa,
mfano wa karatasi ya njugu kabla muuzaji hajaitia njugu.
Sikukigusa.
Niliketi sakafuni, goti likalia,
nikakipimia kikombe kimoja cha kahawa,
nikasogeza chungu mahali jua la asubuhi hupita bila kuuma.

Ua bado. Huenda lisitoke mwaka huu.
Mwanamize asema mgonjwa aliyepona hulipa madeni kwanza.
Nimemwandikia Wangeci ujumbe, nikaufuta, nikauandika tena:
*Limeamka. Nililiacha.*