Amana

Karani Sleyum alisoma gazeti kwenye baraza ya posta, Wete:
Tanganyika si ya Mdachi tena,
wakubwa wamekaa mezani Ulaya,
Mwingereza kapewa aitunze.
"Amana," alisema, akifuta miwani.

Bi Mize alikuja kwa mshahara wa Vuai,
mpagazi, aliyezikwa Rufiji,
au karibu na Rufiji.

"Amana? Kaiweka nani?"
Karani akageuza ukurasa.

"Miye amana naijua. Nipe kikombe nikuwekee,
ukirudi unakikuta, na ufa wake.
Vuai nilimkabidhi Bwana Mkubwa Ijumaa,
mzima, mabega yote mawili."

Akasogezewa wino, akatia dole gumba.
Rupia kumi na moja. Alizihesabu mara mbili,
akaacha moja juu ya gazeti.
"Hii niwekee."